Mwizi wa Saa Saba

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba tano. Ile saa inakimbia mbele dakika kumi kwa siku, na bado najiuliza ni nani aliyeinunua na wapi. Hotuba zote zilisema nilikuwa mfanyakazi mwaminifu. Hakuna hata moja iliyotaja habari ya Faustin, ingawa kila aliyeshika kipaza sauti alikuwa anaijua. Ndiyo maana naiandika mwenyewe, kwa ajili yenu ninyi mlioingia juzi na mnaoshika sasa kabine zangu za umeme. Mengine ya kazi hii mtayakuta vitabuni. Hili hamtalikuta.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni Mama Riziki. Ukoo wetu ulitoka Maniema kwa biashara ya mafuta ya mawese ukakaa Goma, na mimi nimezaliwa na mashaka. Mtu akinisalimia kwa furaha iliyozidi, najiuliza anataka nini. Nyumbani wananicheka kwamba hata sambaza, vile vidagaa vya ziwani, nahesabu vichwa kabla ya kula. Tabia hiyo ilinisaidia sana kazini, na mara moja ilinitia aibu ambayo sijaimaliza. Vyeo na mishahara naviruka, waliovipata wanavijua.

Sikuanzia kwenye umeme. Nilianzia mtaa wa Birere, katika atelye, karakana ya miwani ya Muzee Sefu, mtu mfupi, msafi, wa kofia nyeupe, ambaye miwani yake mwenyewe ilikuwa imefungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alinipa kioo kimoja, fremu ya chuma na bisibisi nyembamba kama sindano, akaniambia nikiweke. Nikakiweka. Na kwa kuwa sikutaka mteja arudi kulalamika kwamba kimedondoka, nilikaza skrubu mpaka vidole vikauma. Nikampa nikingoja sifa.

Muzee Sefu aliichukua akainuka. Alikuwa na kisanduku cha mbao chenye taa ndani, na mbele ya taa vioo viwili vyeusi, kimoja nyuma ya kingine. Ukivipanga sawasawa, taa inawaka lakini huoni mwanga, ni giza tupu. Alisukuma miwani yangu katikati ya vile vioo akaniambia nitazame. Pale palipokuwa na giza nikaona weupe, na ndani ya weupe rangi, njano na bluu na zambarau, zimejikunja pembeni kila mahali skrubu ilipokaza. Nilidhani ni dawa za uchawi, nikamtazama muzee kwa jicho la pembeni. Akalegeza skrubu nusu mzunguko, rangi zikafifia. Akalegeza tena kidogo, giza likarudi.

“Kioo ukikibana, kinasema bintu yenye haiko,” aliniambia. “Na siku ya baridi kinapasuka mu uso wa mutu.”

Nilikaa naye miaka. Alinifundisha kwamba kioo kinabanwa kwa njia nyingi. Skrubu inakibana, fremu iliyopinda inakibana, na hata moto unakibana, maana kioo kilichopozwa haraka kinabaki na kinyongo ndani. Ukitaka kiwe na amani, kitie moto, kisha kiache kipoe polepole, siku nzima ikibidi, wala usikichungulie. Yeye mwenyewe alikuwa anachungulia. Nilimwona mara mbili.

Lava ya volkano ilipopita mjini ikala mtaa wetu wa Birere, atelye iliondoka nayo. Muzee Sefu alikuwa ametoka na kisanduku chake kichwani. Alirudi nacho Kindu kwa ndugu zake, nami nikabaki na ujuzi wa miwani katika mji uliokuwa unatafuta mabati. Kampuni ya umeme ilinichukua kusoma konteri, vile vipimo vya umeme vilivyo ndani ya kabine. Kabine mnazijua: nyumba ndogo ya matofali, bati juu, transfoma inanguruma ndani, na harufu ya mafuta ya moto ambayo haitoki kwenye kitenge hata ukifue mara tatu. Nilipewa glavu za mpira, fimbo kavu, daftari, na onyo la kutogusa chochote.

Mwezi wa kwanza nilikuta mayai ndani ya kabine iliyofungwa kwa kufuli mbili. Nilimshuku mlinzi, nikamshuku mke wa mlinzi, nikabadilisha kufuli zote. Mayai yakaendelea. Wiki ya tatu nikamkuta kuku mwenyewe anatoka kwenye tundu la nyaya, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake bila kupiga hodi. Sikumwomba mlinzi msamaha. Nilikuwa bado kijana, nilidhani kumshuku mtu ni jambo la kichwani mwako tu, halimgusi yeye.

Miaka mingi ikapita hivyo, ya konteri za chuma na transfoma za mafuta, mpaka kikaja kipimo cha kioo. Wageni wawili walikileta ndani ya sanduku la bati, wakakaa wiki mbili, wakaondoka wakatuachia kitabu cha Kiingereza. Kipimo chenyewe kilikuwa uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi kuizunguka kebo kubwa inayoingia katika kabine yetu ya mwisho wa laini. Ndani ya uzi unapita mwanga. Mmoja wao, aliyejua Kifaransa kidogo, alinieleza hivi: mwanga unatembea huku unatikisika, kama kamba ya kuruka ya watoto. Wao wanaulazimisha utikisike upande mmoja tu, tuseme juu na chini. Umeme ukipita kwenye kebo, unaugeuza ule mtikisiko ukaelemea kando. Umeme ukiwa mwingi unaelemea sana, ukiwa kidogo unaelemea kidogo, na mashine mwishoni inasoma umeelemea kiasi gani. Niliuliza ni nani anayehakikisha kwamba mashine yenyewe haidanganyi. Alicheka, akaendelea na nyaya zake.

Alisema pia, tena alirudia mara mbili, kwamba uzi usibanwe. Kioo kilichobanwa kinaupa mwanga njia mbili, moja ya haraka na moja ya polepole, na mwanga unafika mwisho umejichanganya. Nilitikisa kichwa. Nani angenifundisha mimi habari ya kioo kilichobanwa?

Lakini ninyi mnaijua Goma. Hapa ardhi inatikisika. Kabati langu limefungwa ukutani kwa waya, friji imefungwa, hata picha ya harusi ina misumari minne. Mtoto wa hapa anajua kufunga kabati kabla ya kujua kufunga viatu. Wale wageni waliondoka wakiacha uzi umelala ndani ya kisanduku cha chuma, huru, unacheza, kama kitu kilichosahauliwa. Niliwaona wazembe. Wiki iliyofuata likapita tetemeko dogo, mabati yakalia, nami nikasema hapana. Nikachukua vikanda vya plastiki, vile vya kukaza nyaya, nikaufunga uzi mahali pengi. Kisha nikapasha ile mastiki nyeusi tunayozibia maungio ya kebo nikaimwaga ndani mpaka kisanduku kikajaa. Ilikuwa laini kama uji ilipoingia. Sikufikiri kwamba kitu kinachoingia kama uji kinaweza kubana.

Shefu Mugisho, mkuu wetu, alifurahi sana. Alipiga picha akaituma kwenye biro kubwa, yaani ofisi kuu, kuonyesha jinsi watu wa Goma wanavyojua kazi. Mimi nilisimama kando ya kisanduku na fimbo yangu mkononi, nimetabasamu, jambo ambalo silifanyi mbele ya kamera.

Kiangazi kilipoingia, umeme ukaanza kupotea. Kule mtoni unakotengenezwa walikuwa na konteri ya chuma ya zamani, na kila saa walitupigia simu kutuambia wametuma kiasi gani. Asubuhi hesabu yao na yetu zilikubaliana. Kuanzia saa sita, kipimo cha kioo kilionyesha kwamba kinachotufikia ni pungufu. Saa saba na saa nane pungufu ilikuwa kubwa. Saa kumi na moja kila kitu kikawa sawa tena. Kwa maana nyingine, mtu alikuwa anakula umeme njiani, mchana kweupe, kila siku, saa ile ile, kama mwenye ratiba ya kazi. Tukampa jina: mwizi wa saa saba.

Sasa mtu aliyekuwa akitembea chini ya laini hiyo kila siku kukagua nguzo alikuwa mmoja tu, Faustin. Alitoka Kalengera, mrefu, mpole, Kinyarwanda kwa mkewe na Kiswahili kwetu, na kila siku saa saba alikuwa anatoweka. Alisema anaenda kula nyumbani. Sisi wengine tulikula maharagwe yetu hapo hapo kabine kutoka sufuria moja, na mtu mwenye kukataa sufuria ya wenzake mimi simwelewi. Tena kaka yake alikuwa na mashini tatu za kusaga mahindi, ziko chini ya laini yenyewe, na zilinguruma zaidi mchana. Kaka alisema zinatumia mazuti, si umeme. Mimi nilisema tutaona.

Nilimfuata wiki mbili. Niliandika katika daftari saa anayotoka, njia anayopita, kofia aliyovaa. Siku moja nikamwona anaingia uani kwa kaka yake na mzunguko wa waya begani. Alitoka bila waya. Pale nyuma ya kibanda cha muuza makaa nilikojificha, ninyi mnaosoma mjue kwamba nilifurahi. Ningeweza kuandika kwamba nilihuzunika kwa ajili ya mwenzetu, lakini nilifurahi, kama mtu aliyekisia bei na akakisia sawa.

Shefu Mugisho alisoma daftari langu amesimama. Alipomaliza alisema kikulacho ki nguoni mwako, akalifungia daftari katika meza yake. Faustin aliitwa biro. Siku ya kwanza nilikuwepo. Waliuliza anakwenda wapi saa saba, akajibu kula. Waliuliza waya, akajibu ni wa kufungia bati la kaka yake lililolegezwa na upepo. Waliuliza tena. Akajibu vilevile, kwa sauti ileile, na mimi nikaiona sauti hiyo kuwa ya mtu aliyejifunza jibu. Alihojiwa siku tatu, asubuhi hadi jioni, bila kiti. Siku ya tatu, amechoka, akakubali kwamba zamani aliwahi kumuunganishia mama mjane taa moja bila kibali. Shefu akaandika kwenye raporo, ripoti ya mahojiano: amekubali.

Akasimamishwa kazi. Mashini za kaka yake zikafungwa kufuli, na faili ikaanza kutayarishwa ili ipelekwe parke, kwa mwendesha mashtaka. Mnajua maana yake. Mtu akiingizwa kule kwa wizi wa umeme, hata akitoka, hakuna kampuni itakayompa tena kupanda nguzo. Faustin na mkewe walikuwa na watoto wanne.

Mkewe, Mama Neema, alikuwa jirani yangu, barabara moja, bomba moja la maji. Alikuja kwangu mchana. Hakukaa, ingawa nilimsogezea kiti.

“Mama Riziki, ulimuona anaiba?”

Nilimwambia nilimwona akiingia kwa kaka yake na waya.

“Hapana, Mama. Kuingia nilisikia. Mi nauliza kuiba.”

Nilimwambia hayo mambo ni ya Shefu sasa. Akafunga vizuri kitenge chake, akaniaga kwa heshima zote, akaenda. Kuanzia siku hiyo, nikifika bombani alikuwa anaweka ndoo yake chini na kungoja nimalize, kana kwamba maji yenyewe yalikuwa yangu.

Faustin hayupo, mashini zimefungwa, na kesho yake saa saba umeme ukapotea kama kawaida. Shefu alisema mwizi ana wenzake. Tukaanza kutazamana. Mlinzi aliacha kunisalimia kwa jina. Sufuria ya maharagwe ikagawanyika, kila mtu na sahani yake kutoka kwake, na nilijikuta naandika ukurasa mpya wa majina: huyu mbona ana simu mpya, yule mbona amekuja mapema. Lisemwalo lipo, tulisema, na kila siku lilisemwa jipya.

Halafu ikanyesha, mvua ya siku moja katikati ya kiangazi. Siku hiyo hakikupotea kitu. Nikasema moyoni, mwizi huyu anaogopa kulowa. Siku tatu baadaye mawingu yakafunika mji toka asubuhi, bila mvua, na umeme ukafika wote. Mwizi anayeogopa mvua namwelewa, lakini wa kuogopa kivuli sikumwelewa. Usingizi ukanipungua.

Siku iliyofuata jua lilikuwa kali. Saa saba niliingia kabine kusoma pungufu, na kwa kuchoka nikaegemeza mkono kwenye kisanduku cha kipimo. Nikautoa haraka. Bati la paa lilikuwa linashusha joto moja kwa moja juu yake, na chuma kilikuwa cha moto, na mastiki yangu ilikuwa imevimba, imepanda ukingoni mwa kifuniko kama mkate. Imevimba, na ndani yake umo uzi wa kioo, umebanwa, na mashine inasoma pungufu. Nilikaa juu ya ndoo. Sikuhitaji kitabu cha Kiingereza. Akilini niliona jioni joto linaondoka, mastiki inanywea, uzi unapumua, na hesabu zinakubaliana. Mwizi wetu alikuwa jua, na aliyemfungulia mlango nilikuwa mimi.

Hata hivyo mimi ni mtu wa mashaka, na safari hii nilijishuku mwenyewe. Nilikwenda Birere, uliojengwa upya juu ya lava, kutafuta miwani ya jua ya ile aina inayokata mng'aro wa maji, wanayovaa manahodha wa mashua za injini ziwani. Wauzaji walinipa miwani saba, kila mmoja akiapa. Jaribio ni moja: weka kioo cha miwani moja juu ya kioo cha nyingine, zungusha. Kama ni ya kweli, patafika mahali pawe giza. Tano zilikuwa plastiki iliyopakwa rangi. Nilizungusha mpaka nikazipata hizo mbili za kweli, nikazinunua, nikang'oa vioo. Nyumbani nikachukua kioo cha miwani ya zamani, nikakiweka ndani ya mkebe mfupi uliokatwa chini, nikamwaga mastiki pembeni kukizunguka, katikati nikaacha wazi. Kilipokauka nikakiweka juani. Kisha nikakitazama katikati ya vile vyeusi viwili, nimekielekeza kwenye anga. Pembeni pote palikuwa na rangi. Nikakiweka kivulini mpaka kikapoa, rangi zikapungua. Nikakirudisha juani, zikarudi. Nilifanya hivyo mara sita, nikitumaini mara moja nikosee.

Nilikaa na siri hiyo siku tatu, na hapa sitajipamba. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili kustaafu. Nilifikiri: nitaifungua ile mastiki kimya, nitaulegeza uzi, pungufu itaisha, na hakuna atakayeuliza. Wazo lilikuwa tamu. Ilikuwa asubuhi ya tatu, niko bombani, Mama Neema ameweka ndoo yake chini ananingoja, ndipo nililitazama vizuri. Nikitengeneza kimya, wizi utaisha, na utaisha Faustin akiwa nje. Mji wote utasema, mnaona? Alipoondoka, wizi ukakoma. Matengenezo yangu yangekuwa ushahidi wa mwisho dhidi yake.

Nilikwenda kwa Shefu Mugisho nikamweleza yote, na mkebe wangu mezani. Alisikiliza. Alitazama kwenye vioo, akaona rangi, akasema ni nzuri. Kisha akaniambia, kwa upole ulionitia wasiwasi, nitengeneze tu, faili itakufa yenyewe polepole, kwa nini tuchafue jina la kabine, na la kwangu, na la picha aliyoituma. Nilimwuliza kama raporo yenye neno amekubali nayo itakufa polepole. Alisema mambo ya parke hayako mikononi mwake. Nikamwambia kwamba uzi sitaugusa mpaka watu waone. Na kwamba kama mtu mwingine ataugusa, daftari ninalo jingine, na jina lake litakuwa ukurasa wa kwanza. Naamini hilo ndilo lililomsukuma, maana alijua ninavyoandika.

Tulikutana kabine Jumamosi, saa mbili asubuhi, kukiwa na baridi na ukungu bado. Shefu alikuja, na wafanyakazi wote wa laini. Faustin alikuja na mkewe na kaka yake, wakasimama nje ya mlango, hawakuingia mpaka nilipowaita kwa majina. Mashini za kaka zilikuwa bado na kufuli, na funguo alikuwa nazo Shefu mfukoni. Simu ya kituo cha mtoni iliwekwa kwa sauti ili wote wasikie. Walitaja kiasi wanachotuma, kipimo chetu kikaonyesha kilekile. Hakuna kilichopotea.

Nilikuwa nimekuja na pasi ya makaa kutoka nyumbani, imewaka vizuri. Niliitundika kwenye ncha ya fimbo kavu, nikaiegemeza kwenye kisanduku cha kipimo. Tukangoja. Baada ya dakika chache namba ikaanza kushuka. Mtoni wakataja kiasi kilekile. Namba yetu ikashuka tena. Saa mbili na nusu asubuhi, Faustin amesimama mbele yetu mikono mitupu, mashini zimefungwa, mwizi wa saa saba alikuwa kazini. Niliondoa pasi. Tukakaa karibu saa nzima, kisanduku kikapoa, na namba ikapanda mpaka mahali pake.

Ndipo nikasema kwa sauti kwamba mastiki ile niliimwaga mimi, kwa mkono wangu, nikiwa nimeambiwa uzi usibanwe. Na kwamba daftari liliandika nilichowaza, si nilichoona. Kaka yake Faustin alinyoosha mkono kwa Shefu, kiganja juu, akangoja. Shefu alitoa funguo mfukoni akampa. Faili haikufika parke.

Matengenezo nawaandikia kwa sababu yatawafaa. Kuondoa mastiki kulichukua siku nne, kwa kijiti cha mti na subira, maana kisu kinakata uzi na moto unazidisha ubaya. Hata hivyo uzi ulinikatikia mkononi. Tuliomba mwingine, na safari hii nilikisoma kitabu, ukurasa kwa ukurasa, na binti wa jirani anayesoma Kiingereza. Kumbe hata kuuzungusha tu uzi kuzunguka kebo kunaubana, upande wa ndani unaminywa, wa nje unavutwa. Kwa hiyo walituletea uliokwisha kuzungushwa, ukaokwa kwenye tanuri, ukapozwa polepole kwa siku nzima na zaidi hadi kinyongo kikatoka. Kipande cha uzi kinachobaki nje ya mzunguko, usikilaze kikiwa kimenyooka tu. Kisokote kidogo kwa urefu wake, kama unavyosokota kamba, kisha kilaze. Msokoto unaulinda mwanga usipotee katika zile njia mbili. Usikifunge kwa kikanda chochote. Laza kwenye jeli laini isiyoganda, funika paa kwa kitu kisichopitisha joto, na ardhi ikitikisika, acha uzi ucheze. Najua mikono yenu itawasha kutaka kuufunga. Ikunjeni.

Faustin alirudi kazini Jumatatu. Alimpa mkono kila mmoja wetu. Nilimsubiri nje nikamwomba msamaha, kwa maneno niliyokuwa nimeyatayarisha na ambayo yote yaliniponyoka, nikabaki na neno moja tu, unisamehe. Alisema, “Yameisha, Mama.” Na mimi, jinsi nilivyo, sikuamini.

Saa saba alikuja akasimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

“Mama Riziki, mi naenda kula ku nyumba. Nitarudia saa nane.”

Nilimwambia hana haja ya kuniaga, aende tu. Akaitika. Kesho yake alikuja tena, akasema maneno yaleyale. Kesho kutwa vilevile. Akitaka kwenda chooni alisema. Akitaka kununua mayuniti ya kupigia simu alisema ni kwa nani na nyuma ya duka gani. Akirudi kutoka kula alifungua mfuko wake mbele yangu, bila kuombwa, sahani na kijiko, akaufunga. Nilimsihi aache. Nilimwambia Shefu amwambie aache. Aliitika kwa heshima, na saa saba ilipofika alikuwa tena mbele ya meza, kofia mkononi. Miezi miwili hiyo ilikuwa mirefu kuliko miaka yote ya kazi.

Juzi nilikutana naye Birere. Mimi ni bibi mstaafu sasa, natafuta sambaza kama bibi mwingine yeyote, sina kabine, sina daftari. Alikuwa na mkewe. Mama Neema alinisalimia, akaniuliza habari za mguu wangu unaouma siku hizi, na nilishukuru sana. Faustin alivua kofia.

“Mama, tulikuwa ku soko kununua viatu vya mutoto,” alisema. “Sasa tunarudi ku nyumba. Tutapitia hii njia.” Akanionyesha kwa mkono.

“Faustin,” nilimwambia, “sikukuuliza.”

“Najua, Mama.”

Akafungua mfuko, akanionyesha viatu.